Jiwe la Sita na Kichwa cha Mzee Brimble

Huddenham ni kijiji ambacho mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja, unakwenda kuhesabu kuku wako. Si kwamba tunachukiana. Tunapendana sana, ila kila mmoja anampenda mwenzake huku amemtupia jicho. Tuna kaya arobaini na moja, kanisa moja, baa moja, na kijito kinachotutenga na watu wa Stibley, ambao sitawasema vibaya kwa kuwa karatasi haitatosha.

Mimi ni Jesse Tapp, mchimba makaburi. Nilisoma sekondari mjini nikamaliza, nikatoka na Kilatini cha kutosha kusoma mawe ya marehemu, kisha mgongo wa baba ukakataa kuinama na sepetu ikanirithi mimi. Kijijini wananiita Msomi. Usidhani wananisifu.

Mwaka 1954, mwezi wa tatu, Bibi Hepsie aliniita kwake. Bibi Hepsie ni shangazi yake baba, mjane wa miaka sabini na minane, na nyumba yake ni ya mwisho kabisa kijijini, pale kwenye daraja la mbao. Kifua kilikuwa kimembana majira yote ya baridi. Sauti yake ilitoka kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Jesse, Kasisi alikuja hapa jana."

"Kukuombea?"

"Kuniombea nini! Alikuja kunifukuza kaburini hata sijaingia."

Nikacheka. Yeye hakucheka, nikaacha.

Mambo yalikuwa hivi. Kasisi Pellow alikuwa na miaka miwili tu kwetu, mtu wa mjini, mpole, mrefu kama ufito, na alikuwa anaandika historia ya parokia yetu tangu enzi za wafalme ambao hata majina yao hayatamkiki. Katika kupimapima kwake na ramani, aligundua kwamba jiwe la sita la mpaka liko upande wetu wa nyumba ya Bibi Hepsie, hatua themanini kabla hujafika mlangoni kwake. Mawe hayo ndiyo mpaka wa parokia. Kwa hiyo Bibi Hepsie, aliyeimba katika kwaya yetu miaka hamsini, ni mtu wa Stibley. Na baraza la kanisa lilikwisha kupitisha kwamba, kwa kuwa uwanja wa makaburi umebana, watu wa nje wazikwe kwao.

"Amosi wangu yuko pale tangu mwaka thelathini na moja," alisema Bibi, "na waliniachia nafasi ubavuni pake. Unajua Amosi alivyokuwa hawezi kulala peke yake? Leo nikalazwe Stibley, na watu wanaotia sukari kwenye kabichi!"

"Bibi, ulipoolewa ukaja hapa, jiwe lilikuwa wapi?"

Akautazama moto. Akautazama muda mrefu hata nikaanza kuutazama na mimi, labda kuna jibu.

"Kuna mambo mtu ameapa hatayasema," alisema mwishowe. "Waulize waliopigwa kichwa."

Hapo nikasimama. Kwa sababu nilijua anasema nini, na nilijua pia kwamba bibi yangu mwenyewe ananificha kitu.

Zamani kwetu, kila mwaka wa saba, Jumatatu ya wiki ya Kupaa kwa Bwana, kijiji kizima kilitoka kuzunguka mpaka. Kila mtu na fimbo yake ya mti laini wa mtoni. Mkifika kwenye jiwe mnalichapa jiwe, kisha mnamkamata mvulana mmoja, mnamgeuza miguu juu, na mnamgonga kichwa kwenye jiwe lile. Si kwa ukatili. Ni ili akumbuke. Karatasi huungua na ramani huliwa na panya, lakini mtoto uliyemgonga kichwa mahali fulani hatapasahau mpaka siku ya kufa. Halafu mnampa mkate mtamu wenye zabibu ili anyamaze. Hiyo ndiyo ilikuwa ofisi yetu ya ardhi. Mara ya mwisho ilikuwa kabla ya vita. Vita vikaja, vikaisha, na desturi haikuamka tena.

Nilikwenda kwanza kulitazama jiwe lenyewe. Mengine sita yamesimama wima kama askari, yamezama hadi mabegani. La sita limeinama kama mtu anayetoka baa akijidai hajalewa. Nikajiambia, hili halikupandwa na watu wa zamani. Hili lilipandwa na watu wenye haraka.

Kutoka hapo nikaenda kwa Kasisi, nikamwambia nataka kusoma vitabu vya kanisa.

"Wewe, Jesse? Kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya historia, Kasisi."

Alifurahi kupita kiasi. Nami mtu akifurahi kupita kiasi namshuku, nikamwandika kichwani kama mshukiwa wa pili. Wa kwanza nitamtaja sasa hivi.

Katika kitabu cha mwaka 1903, mzunguko wa kwanza tangu Bibi aolewe, kulikuwa na orodha ya wavulana saba, mmoja kwa kila jiwe. Wanne nawafahamu vizuri, maana kila Jumapili nakaa chini ya bamba la shaba lenye majina yao. Walikwenda Ufaransa vita vya kwanza na hawakurudi. Wawili walihamia Kanada. Aliyebaki, aliyegongwa kwenye jiwe la sita akiwa na miaka tisa, alikuwa Garnet Brimble.

Nilikifunga kitabu polepole.

Mzee Brimble ndiye mzee wa kanisa, mwenye shamba kubwa kuliko yote, na ndiye aliyelisimamia lile azimio la kuwakataa watu wa nje. Mkewe, Lettice, nilisaidia kumzika mwaka wa arobaini na tisa. Sasa sikiliza, maana mimi ndiye mwenye ramani ya marehemu. Upande mmoja wa Lettice kuna mti mkubwa wa kanisa, mizizi mitupu, huwezi kuzika hata paka. Upande wa pili kuna nafasi ya kaburi moja. Ukiruka nafasi hiyo, unamkuta Amosi. Na ubavu wa pili wa Amosi ni njia ya mawe ya kuingilia kanisani.

Nafasi moja. Bibi Hepsie akiwa mtu wetu, nafasi ni yake, aliahidiwa tangu siku ya Amosi. Bibi Hepsie akiwa mtu wa Stibley, nafasi ni ya Brimble. Na shahidi pekee duniani wa kusema jiwe lilikuwa wapi ni Brimble.

Jumamosi mchana nilimkuta baa, kwenye kiti chake, na bia yake.

"Mzee Brimble, hivi wewe uligongwa wapi?"

"Kichwani."

Baa nzima ikacheka. Nikangoja.

"Nauliza mahali, Mzee. Jiwe la sita."

"Kwenye jiwe la sita."

"Wakati ule lilikuwa wapi?"

"Wewe Msomi, hujawahi kugeuzwa miguu juu? Ukiwa vile dunia yote ni nyasi na suruali za watu. Sikumbuki. Kachimbe."

"Sijapata wa kumchimbia, Mzee. Labda unajitolea?"

Baa ikacheka tena, lakini nikaona kitu. Wazee hawakucheka. Waliozidi miaka hamsini na mitano, wote, walikuwa wameinamia glasi zao kama watu wanaotafuta sindano. Na Brimble alisimama akaondoka, ameacha bia nusu glasi. Nimeishi kijiji kimoja na mtu huyu miaka ishirini. Nimeona ghala lake likiwaka moto na yeye akamaliza kwanza bia yake ndipo akatoka.

Nikamuuliza baba nyumbani. Baba alikuwa amelala chali sakafuni, ndivyo mgongo unavyotaka.

"Baba, jiwe la sita lilihamishwa?"

"Chimba unapoambiwa uchimbe."

"Sijauliza kuchimba."

"Basi nami sijajibu."

Hata baba! Kuanzia siku hiyo nikawa simwamini mtu. Mwenye duka akinipimia chai naangalia mizani. Muuza maziwa akisema leo kuna mvua natazama juu kuhakikisha. Kijiji kizima kilikuwa kimeuma kitu kimoja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutema.

Basi nikamrudia Kasisi. "Kasisi, historia bila desturi ni kama mazishi bila maiti. Kwa nini tusizunguke mpaka mwaka huu, kama zamani?"

Machozi yalimlengalenga. Kesho yake alitangaza madhabahuni. Nilikuwa namtazama Brimble kwenye benchi la mbele. Shingo yake ilipanda rangi kutoka kwenye kola hadi masikioni, lakini mzee wa kanisa atapingaje desturi ya kanisa? Akatikisa kichwa kukubali kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Jumatatu hiyo ya mwezi wa tano ilikuwa nzuri, maua ya mitufaha yote yamefunguka. Tulitoka kama watu sitini, na fimbo zetu. Tatizo likawa nani wa kugongwa. Kina mama walikataa katakata.

"Kichwa cha mwanangu kina mtihani wiki ijayo," alisema mmoja. "Gongeni cha Msomi, chake kimeshamaliza shule."

Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa miguu juu na kugongwa mara tano kabla ya saa tano, mbele ya wasichana wote wa parokia. Historia ina gharama.

Brimble aliongoza. Katika kila jiwe alikuwa anatembea taratibu, anaeleza, anataja majina ya waliotangulia. Lakini tulipokaribia la sita akaongeza mwendo kama ng'ombe aliyenusa zizi.

"Hili hapa, chapeni, mgongeni, twende la saba, mvua inakuja."

Mbingu ilikuwa nyeupe pe.

"Mzee, na mkate?" nikasema. "Tangu asubuhi nagongwa bila mkate. Mikate iko ng'ambo."

Wakageuka wote. Ng'ambo ya daraja, hatua kumi na mbili kupita kijito, chini ya mtufaha mzee uliochanua, alikuwa amekaa Bibi Hepsie ndani ya toroli langu la kaburini, amefunikwa blanketi mbili, na sinia la mikate ya zabibu magotini. Nilikuwa nimempeleka asubuhi. Nilimwambia tu kwamba itakuwa vizuri aone watu. Hakuuliza kitu. Alioka kuanzia jana yake.

Ukiwatangazia watu wa Huddenham chakula cha bure, hakuna mpaka unaowazuia. Walivuka daraja mbiombio, likalalamika chini ya miguu yao. Brimble alibaki nyuma, kisha akavuka, polepole, akiangalia chini. Mimi nilikuwa sili. Nilikuwa namtazama yeye kama paka kwenye tundu.

Alipofika karibu na mtufaha akasimama. Akavua kofia. Mkono wake wa kulia ukapanda wenyewe hadi kisogoni, ukaanza kusugua, huku na huku, kama mtoto.

"Mzee Brimble," nikasema kwa sauti ya watu wote, "kichwa kinauma?"

Mkono ukashuka kama umeungua. "Nzi."

"Nzi?"

"Nzi, bwana! Humjui nzi?"

Mikate ikakoma midomoni. Kasisi akamtazama Brimble, akanitazama mimi, akaitazama ramani yake. Nilifungua kinywa kusema maneno niliyoyaandaa wiki tatu, maneno makali, mazuri kweli, mpaka leo nayasikitikia. Lakini Bibi Hepsie akanitangulia. Aliinua mkate mmoja kutoka kwenye sinia, akaunyoosha.

"Garnet. Njoo uchukue wako."

Brimble hakusogea.

"Ulilia siku ile," alisema Bibi. "Baba yako alikugonga kwa nguvu kuliko watoto wote, ili watu wasiseme anapendelea wake. Ukaangalia pembeni usione aibu. Mimi nilikuwa bado najiita bibi harusi. Nilikupa miwili, hukumbuki? Mmoja wa kula na mmoja wa kushika."

Nilidhani Brimble ataondoka. Kofia yake aliikunja kama kitambaa cha kufutia vyombo. Alikuwa anatazama kanisa, ule mnara unaoonekana juu ya miti, na mimi nilijua anatazama nini chini ya mnara. Ilikuwa nafasi yake. Kila siku ya Jumapili baada ya ibada anasimama pale na Lettice, na mimi hujifanya nafagia.

Akaja, akachukua mkate, akaula wote, amesimama.

"Msomi," alisema mwishowe, makombo kwenye ndevu, "lete sepetu. Chimba hapo."

Nikachimba.

"Si hapo, mpumbavu wewe! Hatua mbili kushoto. Kisogo changu ndicho kilichogongwa, si chako."

Hatua mbili kushoto, nusu mita chini ya majani, sepetu ikalia. Mawe madogo, yamepangwa duara, ya kushikiliza kitu kikubwa ambacho hakipo. Kasisi akapiga magoti kwenye matope kwa suruali yake nzuri, akayagusa moja moja.

Brimble akaeleza yote. Mwaka 1908 mafuriko yalivunja daraja. Daraja lililo ndani ya parokia ni la parokia kulijenga. Baba yake, aliyekuwa mzee wa kanisa wakati huo, akaona njia nyepesi kuliko kujenga. Jumapili asubuhi, kengele zinalia na watu wako ibadani, akaja na farasi wawili na minyororo, na Garnet wa miaka kumi na minne kuwashika farasi. Wakaling'oa jiwe, wakalivusha kijito, wakalipanda mbali kidogo ili lisifanane na uongo. Stibley wakaja na ramani zao, wakaona jiwe, wakakuna vichwa, wakajenga daraja. Tangu siku hiyo wanalitengeneza wao na wanalipaka rangi wao.

"Na nyumba ya Bibi Hepsie?" akauliza Kasisi.

"Hakuna aliyeifikiria. Tulikuwa tunafikiria daraja."

Hiyo ndiyo Huddenham. Tulitoa jirani mzima ili tusipigilie mbao kumi.

"Na watu hawakuona?"

"Waliona. Kila aliyeona alipewa kitu. Amosi alipewa paja zima la nguruwe, akaapa kwa Biblia yeye na mkewe."

Wote tukamgeukia Bibi Hepsie.

"Mimi sijasema kitu," alisema. "Nimegawa mikate tu." Akavuta blanketi. "Na lile paja lilikuwa na chumvi nyingi mno."

Nilimtazama bibi yangu kwa heshima mpya, na kwa wasiwasi mpya.

Jioni hiyo hiyo trekta la Brimble mwenyewe lilirudisha jiwe. Nikageuzwa kwa mara ya sita, na safari hii Brimble ndiye aliyenishika mguu wa kushoto.

"Gongeni vizuri!" alipaza sauti Bibi kutoka kwenye toroli. "Hicho kichwa kigumu, cha ukoo wetu!"

Watu wa Stibley walikuwa wamepaka daraja rangi ya kijani wiki moja kabla. Baraza letu lilijadili kama tuwaambie kuhusu jiwe, likaamua kwa kauli moja kwamba hakuna haraka.

Lakini nafasi bado ilikuwa moja. Siku ya pili nilimkuta Brimble uwanjani, kofia mkononi, mbele ya Lettice. Sikujifanya nafagia.

"Umepata ulichotaka, Msomi," alisema bila kugeuka. "Mimi watanitupa kule kwenye kona ya majani yanayowasha, peke yangu."

"Mzee, naweza kuchimba futi nane."

"Futi nane za nini?"

"Kaburi la kawaida ni futi sita. Nikichimba nane, linachukua wawili. Mmoja chini, mmoja juu. Ubavu huu Amosi, ubavu huu Lettice. Kila mtu na wake."

Aliipima nafasi kwa macho. "Nani atakaa chini?"

"Atakayetangulia."

Kasisi alikubali, akaliandika kwenye historia yake. Bibi Hepsie nilipompelekea habari alianza kucheka, akacheka mpaka kifua kikamkaba nikamletea maji.

"Miaka thelathini na miwili nimelala na Amosi," alisema, "na nitamaliza na Garnet Brimble! Ila sikiliza, mjukuu wangu. Mimi silali chini ya mtu huyo. Kilo mia na kumi yule! Atangulie yeye."

Brimble alisema hivyo hivyo, ila kuhusu ulimi wa Bibi.

Huu ni mwaka wa pili sasa. Kifua cha Bibi kimepona, nadhani kwa ubishi tu. Kila asubuhi nikipita kwake ananiuliza, "Moshi wa kwa Brimble umetoka?" Nikifika shambani, Brimble yuko getini, macho kwenye bonde: "Yule bibi amewasha moto?" Nikiwaambia ndiyo, nyuso zao zinaanguka kidogo, halafu zinatulia, kama watu waliohakikishiwa kitu.

Wamekuwa wanapelekeana zawadi. Krismasi Brimble alimtumia Bibi chupa ya dawa ya kifua. Bibi alimwonjesha kuku kwanza. Juma lililopita Bibi akampelekea Brimble mvinyo wake wa matunda, na mimi ndiye niliyetumwa. Brimble aliishika chupa kwenye mwanga, akakinusa kizibo, akachukua glasi moja, akaijaza, akanisogezea mimi.

"Kunywa, Msomi."

"Mzee, hunywi nawe?"

"Nitakunywa," alisema, akavuta kiti na kuketi mbele yangu. "Nangoja kidogo."